Kilio Kikiisha, Tusiondoke

Kilio tunakijua. Mtu akifariki hapa Kabondo-Dianda, jua halizami kabla uwanja wake haujajaa watu. Vijana wanasimamisha kivuli cha matawi, akina mama wanaingia na kuni na unga kichwani, kwaya zinapokezana mpaka alfajiri, na hata yule aliyekuwa hasemi na marehemu analala hapo hapo nje, kwenye mkeka, pamoja na wengine. Hakuna aliyealikwa. Hakuna anayelipwa.

Katika hilo hatuhitaji mwalimu.

Swali langu linahusu siku zinazofuata. Sufuria za kuazima zikisharudi kwa wenyewe na mikeka ikakunjwa, nani anabaki na yule mama? Mwezi wa tatu baada ya kilio je? Na Septemba, shule zinapofunguliwa?

Nimesema "yule mama" bila jina kwa sababu si mmoja. Yupo mjane. Yupo ambaye mume wake yu hai, lakini alipanda treni kwenda kutafuta maisha kwenye migodi ya Kolwezi, na simu yake ikanyamaza. Yupo binti aliyepata mimba akiwa bado anavaa sare ya shule. Wapo waliokimbia vita vya Mai-Mai upande wa Mitwaba, kabla ya mwaka 2006, wakaingia kwenye miji ya watu na watoto mgongoni. Kila jioni wote hao wana hesabu moja: midomo ni mingi, mikono ni miwili.

Wala hawajakaa wakilia. Pita stesheni siku ya treni, utawakuta na karanga, muhogo, mafuta ya ngazi, samaki wakavu wa maziwa ya Upemba. Reli hii imelisha nyumba nyingi kwa vizazi, tangu njia ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilipokamilika mwaka 1928. Lakini nani asiyezijua treni zetu? Ikichelewa siku mbili tatu, muhogo uliochemshwa hausubiri. Anayelea peke yake anarudi nyumbani na beseni lile lile, na watoto wako mlangoni wanamtazama mikononi.

Mtaji wake wote ulikuwa ndani ya beseni hilo. Kazi anafanya, tena kuliko wengi wetu. Anachokosa ni mtu wa kumshika siku moja inapoharibika, ili siku hiyo isiharibu mwezi mzima.

Sasa niwakumbushe habari mnayoifahamu, ile ya mjane katika Wafalme wa Pili, sura ya 4. Mume amekufa, deni limebaki, na mwenye deni anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nyumbani hamna kitu ila chupa ya mafuta. Nabii Elisha hakumpa fedha. Alimtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena akamwonya asiazime vichache. Mafuta yakamiminika mpaka chombo cha mwisho kikajaa, ndipo yakakoma. Akayauza, akalipa deni, akaishi na wanawe kwa kilichobaki.

Mahubiri mengi huishia kwenye muujiza, nasi tunasema amina. Mimi huwafikiria wale majirani. Hakuna aliyewaomba mafuta. Waliombwa kitu ambacho kila mmoja alikuwa nacho, chombo kitupu kilichokaa pembeni mwa jiko. Na angalieni mafuta yalikoma lini: vyombo vilipokwisha. Kama nyumba tatu tu zingefungua mlango, je, deni lingelipika?

Sisi tunaokamua ngazi, wenye mabidoni nyuma ya kila nyumba, ndio tungepaswa kuielewa habari hii kuliko watu wote.

Basi, ndugu yangu, wewe una chombo gani kitupu?

Una kona ya shamba ambayo haijalimwa? Mvua za Oktoba zikikaribia, mkaribishe apande hapo. Lakini mpe kwa miaka miwili, usimpe kwa msimu mmoja. Muhogo hukaa ardhini mwaka na zaidi, na ukimwondoa kabla ya kuvuna umemwongezea tabu. Semeni maneno hayo mbele ya shefu wa mtaa, yajulikane, ili kesho watoto wako na watoto wake wasigombane.

Una mashine ya kusaga? Mruhusu asage asubuhi, akulipe jioni akitoka sokoni. Una mota, au una kinga (baiskeli) imara? Gunia lake moja hadi stesheni halitakumalizia nguvu. Unajua kuezeka? Tazama paa lake sasa wakati wa kiangazi, maana mvua ikishaanza utakuta hata wewe unashughulikia lako.

Umemwajiri akulimie, akufulie, akubebee matofali? Mlipe siku hiyo hiyo. Najua huna nia mbaya. Franga zimechelewa kwako pia, na kesho inaonekana karibu. Kwake kesho ina maana watoto wamelala bila bukari.

Mwalimu, mtoto wake akija bila daftari, usimrudishe nyumbani siku hiyo. Elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure kwa mujibu wa Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kuitekeleza kweli. Ni habari njema sana kwa mama wa namna hii, pengine kubwa kuliko zote za miaka hii. Lakini sare, kalamu na daftari bado hutoka mfukoni mwake. Je, darasa lenye watoto wengi haliwezi kupata daftari mbili za akiba kutoka kwa wazazi wenye nafuu?

Na wewe unayesema huna kitu kabisa, unaweza kukaa na watoto. Jambo hili tunalidharau, kumbe ni kubwa. Kipindupindu kinatutembelea mara kwa mara sisi wa ukanda wa Lualaba na Upemba. Mtoto mmoja akianza kuhara usiku, mama wa peke yake anafanya nini na wale wengine watatu? Anasubiri kupambazuke, na ugonjwa huu haungoji. Gonga ukuta wake mapema, umwambie: ikitokea usiku, niite, nitakaa na hawa. Na sote tujue kutengeneza maji ya kuokoa wakati wa kwenda hospitali: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, huku safari inaanza. Maji hayo yanasindikiza, hospitali bado ni lazima.

Nije kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko mengine, nalo ni akiba.

Akina mama wa Katanga wamecheza likelemba, kuchanga na kupokea kwa zamu, tangu zamani. Ni mchezo wa haki na umejenga nyumba nyingi. Una ugumu mmoja: kila mtu atoe kiasi kile kile, kila zamu. Treni isipokuja wiki mbili, mama wa beseni anakosa zamu yake. Anaona aibu, anaanza kupita njia ya nyuma ili asikutane na wenzake, mwisho anajitoa. Hakuna aliyemfukuza. Utaratibu wenyewe haukuwa na nafasi ya mtu anayeyumba.

Mwaka 1991, huko Maradi katika nchi ya Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini utaratibu mwingine, ambao baadaye ulisambaa Afrika nzima. Kwetu Kongo tunauita AVEC. Watanzania wana VICOBA zao, ambazo zinafanana nao. Wanachama hawazidi ishirini na kitu. Kila mkutano mtu ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, kulingana na wiki yake ilivyokuwa. Anayeweza tano anunue tano, anayeweza moja anunue moja, wote wamekaa kwenye mkeka mmoja. Fedha zinakopeshwa wanachama wenyewe kwa faida ndogo, na baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili sanduku linafunguliwa, kila mtu anapata mgawo wake kulingana na hisa zake. Pembeni kuna mfuko wa mshikamano, wa magonjwa na misiba, ambao haurudishwi.

Mnaona? Huu umemfikiria yule anayeyumba.

Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti. Sasa nina ombi kwa vikundi vyote vya Kabondo-Dianda. Mnapoandika wanachama wapya, mwacheni mama huyu aingie hata kwa hisa moja. Na mkishamzoea, mpeni ufunguo mmoja. Kwa nini ufunguo? Kwa sababu mwenye ufunguo hahurumiwi, anasubiriwa. Mkutano hauanzi mpaka afike. Mtu aliyezoea kupewa masazo, siku anapokuwa wa kusubiriwa, mgongo wake unanyooka.

Halafu kuna karatasi. Najua neno hili linachosha, lakini nivumilieni.

Mtoto akizaliwa, sheria inatupa siku 90 za kwenda kumwandikisha kwenye ofisi ya eta-sivili. Muda huo umewekwa na marekebisho ya Sheria ya Familia ya Julai 2016. Siku zikipita, inabidi kupata hukumu ya mahakama, na hiyo ina safari zake na gharama zake. Mama aliyejifungua peke yake anapata wapi nafasi ya kwenda kupanga foleni na kichanga mkononi? Jirani anaweza kumsindikiza. Shangazi anaweza. Mchungaji anapomwandika mtoto kwenye daftari la kanisa anaweza kuuliza swali moja tu: je, eta-sivili mmekwenda?

Na ndoa zetu za kimila, wapendwa, tuziandikishe wote wawili wakiwa hai na wenye furaha. Sheria hiyo ya Familia, ya tarehe 1 Agosti 1987, inawaweka watoto mstari wa kwanza wa urithi, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua akiwa hai. Inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokuwa wakiishi na vyombo vilivyomo. Baba wadogo, baba wakubwa, mashemeji, najua mioyo yenu. Mnapokuja kuchukua vitu vya kaka yenu, mara nyingi mnachukua kumbukumbu yake. Chukueni picha yake, chukueni kofia yake. Kitanda, cherehani na kinga viacheni, ndivyo vitakavyowasomesha watoto wa damu yenu.

Mmoja wenu anaweza kufanya zaidi. Anaweza kusimama siku ya mwisho ya kilio, mbele ya watu, na kusema kwamba nyumba hii ni ya shemeji yangu na watoto wake. Maneno ya namna hiyo, yakitoka kwa mwanaume wa ukoo mbele ya shefu, yana nguvu ambayo hakuna karatasi inayoifikia.

Tuje kanisani, maana huko ndiko tunakokutana zaidi.

Imani imeota mizizi katika nchi hii ya Waluba. Wapentekosti wamekuwapo tangu William Burton na James Salter walipofika Mwanza, ile ya huku Katanga, mwaka 1915. Wamethodisti wana akina mama wao wa Kipendano, ambao kila mtu hapa anawajua kwa sare zao na nyimbo zao. Wakatoliki wana mashirika ya mitaani. Ndugu zetu Waislamu, ingawa ni wachache huku, wamefundishwa kumtunza yatima kabla hawajafundishwa mambo mengine mengi. Tena Kamina ndipo Padre Placide Tempels alipokaa na kuwasikiliza wazee wetu, na katika miaka ya 1950 harakati yake ya Jamaa ikaenea kwenye kambi za wachimbaji wa Katanga, watu wasio wa damu moja wakiitana baba na mama. Je, nchi yenye historia hiyo inashindwa kuwa na nyumba ya mtu asiye na nyumba?

Wachungaji wetu na mapadre wetu, nina maombi mawili kwenu, kwa heshima. La kwanza ni la michango. Jina lake likikosekana kwenye orodha, lisisomwe mbele ya watu. Yule mjane wa senti mbili alisifiwa na Bwana mwenyewe kwa kile alichokuwa nacho. La pili ni la watoto. Wakati mwingine, nyumba ikizidiwa na magonjwa na njaa, macho yanamgeukia mtoto yatima, na neno "uchawi" linatamkwa. Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria inaadhibu. Ninyi mkisema hivyo madhabahuni mara moja, mtoto fulani atalala usingizi usiku huo.

Tena msimweke mama huyu kwenye orodha ya kuombewa tu. Mwekeni kwenye orodha ya wanaoombea wengine. Mpeni kusoma neno, mpeni kuongoza wimbo, mpeni kutembelea mgonjwa. Amejifunza kumwegemea Mungu mahali ambapo wengi wetu hatujafika bado.

Nani ajuaye nyumba yake inalea nini? Mwenye heri Anuarite, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, alikuwa binti wa mama aliyeachwa na mume kwa sababu alizaa wasichana watupu. Mama na mabinti walibatizwa pamoja mwaka 1943. Katika kijiji chao, je, kuna mtu aliyewatazama akafikiri kwamba Kongo nzima itakuja kulitaja jina la nyumba ile?

Au tazameni Dungu, kaskazini mashariki, walikokimbilia watu walioteswa na waasi wa LRA. Sista Angélique Namaika alikuwa akipanda baiskeli yake kuwafuata wanawake na wasichana waliopoteza kila kitu, akawafundisha kusoma, kushona, kuoka mikate. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ukampa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Alianza na baiskeli. Hapa kwetu zipo ngapi?

Na wa Kivu Kusini wanamkumbuka Rebecca Masika Katsuva. Vita vilimwua mume wake, yeye mwenyewe akaumizwa vibaya. Angeweza kufunga mlango. Badala yake aliufungua kwa wanawake wengine waliopatwa na yale yale, pamoja na watoto wao, wakalima mashamba pamoja ili wapate kula. Alifanya hivyo mpaka alipofariki Februari 2016. Namtaja kwa sababu mara nyingi tunadhani mama aliyeumia yuko upande wa kupokea tu. Masika alikuwa ameumia, na ndiye aliyekuwa akipokea wengine.

Neno moja kwa wanaume walio mbali, maana najua kuna wanaosoma haya wakiwa Kolwezi, Likasi au Lubumbashi. Kijana wangu, pengine ulinyamaza kwa sababu ya aibu. Ulikwenda kutafuta, hukupata ulichoahidi, ukaona bora usipige simu. Piga. Hata ukiwa na franga kidogo, zitume kwa simu, na kama huna, tuma sauti yako tu. Mtoto anayeisikia sauti ya baba yake anajua ana baba. Sheria yetu ya Familia nayo inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe wa ndani ya ndoa au wa nje. Na ukirudi mikono mitupu, sisi tutakupokea. Hatutakuuliza ya migodini mbele ya watu.

Na wewe mama, nimekuzungumzia muda mrefu kana kwamba hupo. Wewe nakuomba kitu kimoja kilicho kigumu: sema. Yule mjane wa Elisha alipiga kelele kwa nabii, hakukaa ndani na chupa yake. Taja chombo unachohitaji kwa jina lake, ili jirani asikuletee sombe wakati ulihitaji mtu wa kukaa na watoto kwa saa mbili. Huombi sadaka. Wewe ndiye mwenye mafuta.

Jumapili hii basi, ibada ikiisha, kabla hatujatawanyika kila mtu njia yake, wa Kipendano, wa shirika, wa kwaya na wazee wa kanisa wabaki dakika chache nje pale chini ya mti. Wasihesabu wajane wote wa mji. Wataje mama mmoja wa mtaa wao. Nani ana kona ya shamba kabla ya Oktoba? Kikundi gani kinafungua sanduku mwisho wa mwaka na kina nafasi? Na Jumatatu asubuhi, nani atakwenda naye eta-sivili?